Dirisha la Mama Sidi

Wapo wanaosema nchi ya Ufundini haimo katika ramani yoyote, na katika hilo hawakukosea. Hata hivyo kila mwaka watu kwa maelfu huingia huko, wengi wao wakiwa na nia njema na maswali machache, na wako ambao hawajarudi hadi leo. Hii ni habari ya mmoja aliyerudi. Nitaisimulia kama nilivyoipata bila kuongeza chumvi, maana iliyo nayo yenyewe yatosha.

Jina lake Nyamvula. Alikuwa mgawa dawa katika zahanati ya Mwangeni, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya kaunta, kupokea karatasi ya mgonjwa na kutoa vidonge, vikiwepo. Visipokuwepo alikuwa na maneno yaliyomzoea kinywani: "Vimekwisha, jaribu Kilibole." Kilibole ni zahanati ya pili, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Aliyasema hayo bila kujua kama Kilibole wanavyo. Hakuna aliyejua. Na mgawa dawa wa Kilibole naye alikuwa na maneno yake: "Jaribu Mtulu."

Siku moja alimwambia hivyo Mbodze, ambaye pale zahanati wote walimwita Mama Sidi. Binti yake Sidi, wa miaka minane, ana kifafa. Akipata vidonge vyake anacheza na wenzake na kugombana nao kama mtoto yeyote. Akivikosa siku mbili tatu, anaanguka. Mama Sidi alikwenda Kilibole akaambiwa ajaribu Mtulu, akashika njia ya Mtulu. Sidi akaangukia njiani, kwenye mawe ya kivuko cha mto, akapasuka paji la uso na kung'oka meno mawili. Ilikuwa kiangazi na mto haukuwa na maji. Wiki iliyofuata walirudi Mwangeni, mtoto kafungwa kitambaa kichwani, na Mama Sidi hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, "Vimefika, daktari?"

Nyamvula hakuwa daktari. Siku hiyo alikwenda kwake akalia, kisha akahesabu: zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya masika, na masika yakianza kivuko kile hujaa maji hadi kifuani.

Alikuwa amesikia kwamba siku hizi mtu aweza kuunda programu ya wavuti, ukurasa unaofunguka katika simu ya yeyote, ukaulizwa jambo ukajibu. Akawaza: ukurasa mmoja tu, unaosema ni zahanati ipi ina vidonge leo. Uundaji wake hakuujua hata kidogo. Akaomba likizo ya siku ishirini na moja, akaenda Ufundini kutafuta wa kumwelekeza.

Namna alivyofika haina haja ya kusimuliwa. La kujua ni kwamba huko Ufundini, kile ambacho sisi hukiandika kwa herufi ndani ya kompyuta, wao hukijenga kwa mbao, chokaa na kamba, kikaonekana kwa macho. Programu ya wavuti kwao ni dirisha. Mtu husimama mbele yake akauliza, na dirisha humjibu. Kila dirisha lina uso wa kutazamwa, lina ghala nyuma yake ambamo majibu huwekwa, na kati ya uso na ghala hupitishwa kamba za kuvutia majibu. Aliyeelewa hayo matatu ameelewa Ufundini nzima, ingawa ukiyasema hivyo huko utachekwa.

Langoni alimkuta karani mwenye daftari. Karani hakumuuliza jina wala atokako.

"Chombo gani?"

"Sijakuelewa, kaka."

"Utajengea chombo gani? Randa ya Kaskazini, Randa ya Kusini, Msumeno Mwepesi, au hiki kilichotoka juzi?"

"Nimekuja kujenga dirisha la kina mama wanaotafuta dawa," alisema Nyamvula. "Chombo sijui. Nilidhani nitaelekezwa."

Karani aliandika: Hajui. Daftari lake halikuwa na safu ya kuandikia mtu amekuja kujenga nini.

Sheria ya kwanza ya nchi ile ni salamu. Mgeni hupandishwa juu ya jiwe, huelekezwa ukutani, na hutakiwa apaaze sauti: "Salamu, ulimwengu!" Nyamvula alipanda, akapaaza. Ukuta ulikuwa hatua mbili mbele ya pua yake. Watu waliokuwa wakipita walisimama wakampigia makofi, naye akafurahi mno, akajiona tayari ni fundi. Simcheki, maana kila aliyepanda jiwe lile amefurahi vivyo hivyo. Kisha alishushwa, makofi yakaisha, na hakuna aliyemwambia aelekee wapi.

Aliyemwokota ni mwanamke mmoja wa makamo aliyeitwa Salme. Vidole vyake vilikuwa na sugu, na kiunoni alivaa mshipi wa ngozi wenye vyombo kumi na saba. Alimpa Nyamvula chumba, akampa chai, akamsikiliza kwa ukarimu wa kweli. Alikuwa Ufundini mwaka wa kumi na mmoja.

"Na umemaliza madirisha mangapi, dada Salme?"

"Mimi? Bado najifunza."

Asubuhi Salme alimtembeza mjini. Walipita mtaa mrefu wenye nyumba pande zote mbili, na kila nyumba ilikuwa na dirisha moja. Nyamvula alisogea la kwanza akasoma. Ilikuwa orodha ya mambo ya kufanya: Nunua maziwa. Piga pasi. Mpigie shangazi. Akasogea la pili: Nunua maziwa. Piga pasi. Mpigie shangazi. Mtaa mzima ulikuwa hivyo, mpaka mwisho. Salme akamweleza kwamba hilo ndilo dirisha ambalo walimu wote hufundishia, na kwamba mwanafunzi hufuata mkono wa mwalimu, msumari kwa msumari, ili asikosee.

"Na hayo maziwa wananunua wapi?" aliuliza Nyamvula, maana tangu aingie hakuwa ameona ng'ombe wala duka.

Salme alisimama akafikiri. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepita mtaa ule, na hakuwa amejiuliza. "Ufundini hakuna maziwa," alisema hatimaye. "Lakini ndivyo inavyoandikwa."

Siku ya nne alipelekwa barazani, mahali ambapo wakubwa wa ufundi hukaa kujadiliana. Nyamvula alitumaini kwamba huko ndiko atakakopata mwongozo. Alipopewa nafasi alisimama, akasalimu kwa adabu, akaeleza habari ya zahanati tatu na akaomba kuambiwa aanzie wapi. Mzungumzaji wa kwanza alisema jambo lake ni jepesi mno, achukue Randa ya Kaskazini. Wa pili alisema mtu mwenye akili timamu hawezi kumshauri mgeni Randa ya Kaskazini, ambayo hata wenyewe wameanza kuikimbia. Wa tatu alisema wote wawili si mafundi bali wauza randa. Hapo baraza likawaka. Watu walivunjiana heshima, wakakumbushana makosa ya miaka, na mmoja akalia kwa uchungu kabisa akitetea msumeno. Habari ya dawa haikutajwa tena. Ilipofika alasiri Nyamvula alikuwa bado amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae.

Ugomvi ulikatwa na kengele. Na hapa lazima niieleze sheria ambayo wenyeji huiheshimu kuliko zote. Kila chombo kipya kinapotangazwa, kengele kuu hupigwa, na kila dirisha ambalo halijakamilika sharti libomolewe na mwenyewe siku hiyo hiyo, lianzwe upya kwa chombo kipya. Hoja yao ni kwamba si haki mtu kuendelea na kitu kilichopitwa na wakati. Wakati wa kukamilisha dirisha, kwa fundi wa kawaida, ni siku arobaini. Kengele hulia kila baada ya wiki moja, pengine mbili. Nimeuliza wengi kama kuna aliyewahi kukaa na kupiga hesabu hiyo, na sijampata. Barazani wote waliinuka, walioshutumiana wakashikana mabega, wakaenda kubomoa kwa nyundo huku wakiimba, na nyuso zao zilikuwa za watu waliopata likizo.

Salme naye alibomoa. Lilikuwa dirisha zuri, la mninga, limebaki bawaba tu. Alifagia vipande, akaongeza chombo cha kumi na nane kwenye mshipi.

"Huumii?" Nyamvula alimuuliza.

"Utazoea," alisema Salme, na hakumtazama.

Siku zilikuwa zinakwenda. Nyamvula aliamua asitafute wakubwa tena, atafute jibu moja tu: namna ya kuifanya kamba ya dirisha la Mwangeni ivute jibu kutoka ghala la Kilibole, lililo mbali. Kwa mambo ya namna hiyo ipo Ofisi ya Maswali. Alipanga foleni asubuhi nzima. Karani aliyepokea karatasi yake hakuisoma mpaka mwisho. Aligonga muhuri mwekundu uliosema: Limekwisha kuulizwa.

"Alhamdulillahi," alisema Nyamvula. "Basi naomba jibu."

"Rafu ya mia nne na sita. Na siku nyingine usiulize kabla ya kutafuta."

Aliitafuta rafu ile mpaka mchana. Kweli, alikuta karatasi kuukuu yenye swali lake, neno kwa neno, limeandikwa na mtu aliyeonekana kuwa na shida ile ile: ghala la mbali, kamba isiyofika, watu wanaongoja. Nyamvula aliisoma mara mbili. Akageuza nyuma. Chini ya karatasi, kwa mwandiko ule ule, mwuliza swali alikuwa ameandika: Nimeshafanikiwa, asanteni nyote. Hakuandika amefanikiwa vipi. Hapakuwa na kingine.

Nyamvula aliketi sakafuni kati ya rafu, akamlaani mtu huyo kwa dhati ya moyo, yeye ambaye hakuwahi kumlaani mtu. Salme, aliyekuja kumtafuta kwa chakula cha mchana, alimkuta hapo. Ndipo Nyamvula akamsimulia yale ambayo barazani hakuyasema: mawe ya kivuko, kitambaa kichwani, meno mawili. Akamwambia kwamba yeye ndiye aliyesema jaribu Kilibole. Alisema jina la Sidi mara nyingi, na mwisho akashindwa kuendelea.

Salme aliketi kando yake. Kisha akaufungua mshipi wake, akauweka chini, akachomoa vyombo viwili tu, nyundo na patasi vya zamani kabisa.

"Kamba haivuti ghala la mbali," alisema. "Hapo ndipo wote mnapokwama. Yule aliye kule ghalani ndiye anayeivuta, kwa mkono wake, kila asubuhi. Wewe kazi yako ni kumpa kamba fupi, isiyomchosha. Njoo."

Kumbe Salme alijua. Alijua kila kitu, na alifundisha vizuri kuliko walimu wote wa mtaa wa maziwa. Alimwonyesha jambo, akalibomoa, akamwacha alifanye mwenyewe na kulikosea. Alipokosea hakumpokonya nyundo. "Limegoma wapi?" alikuwa akimuuliza. "Usiniambie halifanyi kazi. Niambie ulifanya nini, ukategemea nini, ukaona nini." Kwa siku nane Nyamvula alijifunza zaidi ya alivyojifunza katika miaka mitatu ya chuo. Dirisha lilikuwa dogo na limepinda upande, lakini ukivuta kamba ya Kilibole, maneno yalitokea usoni: KILIBOLE, VIDONGE VIPO. Ukiivuta tena: KILIBOLE, HAKUNA. Siku hiyo hakupigiwa makofi na mtu, na alifurahi kuliko siku ya jiwe.

"Sasa ukaguzi," alisema Salme, na uso ukamwingia woga. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko.

Ukumbi wa Ukaguzi ni jengo kubwa kupita yote Ufundini. Madirisha yote yanayokaguliwa huelekezwa katikati ya ukumbi, na katikati hapo amesimamishwa Fulani. Fulani ni mtu wa kuchorwa ubaoni. Mafundi wa zamani walimchora mwanamume wa miaka thelathini, mwenye macho mazima, viatu vipya na mikono mikavu. Hana mzigo wala haraka, mvua haimnyeshei, na simu yake haiishi chaji. Sheria inasema dirisha lolote halitasimamishwa mbele ya mtu aliye hai mpaka Fulani aridhike nalo. Mkaguzi Mkuu, Bwana Shekuwe, ndiye hutega sikio karibu na ubao na kutangaza kama ameridhika. Bwana Shekuwe si mtu mbaya. Ni mnyoofu, hapokei zawadi, na amefanya kazi ile miaka ishirini bila kukosa siku.

Alilitazama dirisha la Nyamvula kwa makini.

"Herufi kubwa mno. Fulani anaona vizuri."

"Hili si la Fulani, Mheshimiwa Mkaguzi. Ni la Mama Sidi. Anakuja na mtoto mgongoni, ametembea, amechoka. Nataka alisome kwa mbali."

Waliokuwepo walicheka kidogo. Bwana Shekuwe hakucheka. Aligeuza fomu yake, akatafuta mahali patupu. "Basi tumwandike huyo Mama Sidi. Anasoma lugha ngapi?"

Lilikuwa swali la kujazia fomu tu. Nyamvula alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Alikumbuka kaunta ya Mwangeni, na kadi ya kliniki ya Sidi, na namna Mama Sidi alivyokuwa akimpa kadi hiyo kila mara. "Nisomee tarehe, daktari, miwani nimeisahau." Miaka minne ya kusahau miwani, na hakuna siku hata moja aliyomwona Mama Sidi na miwani, wala kumsikia mtu akisema anayo. Naye Nyamvula alisoma tarehe, akarudisha kadi, akaita anayefuata. Aliona haya, haya nzito, ya kumwinamisha kichwa mbele ya watu wote wale.

"Hajui kusoma," alisema. "Miaka yote hiyo nilikuwa namsomea, na sikujua."

"Fulani anasoma," alisema Bwana Shekuwe kwa upole. "Asiyesoma hayumo katika fomu." Akatega sikio ubaoni, akangoja kama inavyotakiwa, akaandika: Hajaridhika.

Njiani Salme alijaribu kumfariji: wengi hurudia, marekebisho yenyewe ni machache, apunguze herufi tu. Nyamvula hakusikia. Alipofika aling'oa maneno yote usoni mwa dirisha, yale aliyoyasumbukia siku nane. Mahali pake alichora vitu vitatu. Tangi la maji, kwa kuwa Mwangeni watu wote huijua kwa tangi lake. Lango la buluu la Kilibole. Mnara wa simu wa Mtulu. Nyuma ya kila mchoro aliweka vitambaa viwili, cha kijani na chekundu, ili mgawa dawa akitazama rafu yake asubuhi avute kamba moja tu. Salme alimshikia misumari, na alipoona linavyokuwa, alianza kufanya haraka kuliko yeye. Walimaliza siku ya kumi na tisa, saa tisa alasiri.

Kengele ililia wakiwa bado na vumbi la mbao mikononi.

Nje watu walikwisha anza kuimba. Salme aliinuka, akaishika nyundo kwa mazoea, akasimama mbele ya dirisha lile dogo lililopinda. Mkono wake ulipanda na ukabaki juu. Nyamvula alikuwa tayari anazifungua kamba, analitoa dirisha ukutani, analifunga kwa kanga.

"Hujapata kibali," alisema Salme. "Na Fulani hajaridhika. Halijakamilika, mwenzangu."

"Najua. Nitalikamilisha mbele ya mwenyewe." Akalibeba mgongoni. "Twende, dada Salme. Nyumbani kuna zahanati nyingi kuliko mikono yangu. Wewe unajua kuliko wote niliowaona hapa."

Salme aliteremsha nyundo. Nyamvula aliniambia kwamba kwa kitambo kidogo alidhani anakuja. Alitupa jicho mlangoni, akajifuta mikono katika nguo. Halafu akainama, akauokota mshipi, akaufunga.

"Wacha nijifunze hiki kipya kwanza," alisema. "Nasikia hiki ni rahisi. Nikiwa tayari nitakuja."

Akatoka, akaingia katika foleni pamoja na wenzake. Katika habari hii yote hakuna ninayemwonea huruma kama Salme. Wengine wa Ufundini hawajui wanachokosa.

Nyamvula alifika Mwangeni siku ya ishirini na moja. Dirisha lake lilipovuka mpaka liligeuka herufi, kama yanavyogeuka yote, na lilipofunguliwa katika simu ya zahanati lilionekana ukurasa mmoja wenye michoro mitatu, umepinda kidogo upande wa kushoto. Alikwenda Kilibole, mgawa dawa wa huko akakubali siku hiyo hiyo. Wa Mtulu alitaka kwanza barua kutoka juu. Nyamvula alikwenda kwake mara tatu kwa miguu, na mara ya tatu alifika amelowa, maana masika yalikuwa yameanza. Yule bwana alimtazama, akatoa simu yake. "Haya, nionyeshe pa kubonyeza," alisema.

Mama Sidi alikuja Alhamisi, mvua ikinyesha, Sidi mgongoni amefunikwa karatasi ya nailoni. Walibakiwa na vidonge vya siku mbili.

"Vimefika, daktari?"

Nyamvula aliinyoosha simu juu ya kaunta, akamweleza: hili tangi ni sisi, lango ni Kilibole, mnara ni Mtulu. Kijani ni dawa ipo. Nyekundu ni hakuna. Kisha wote wawili wakatazama.

Tangi lilikuwa jekundu. Lango lilikuwa jekundu. Mnara ulikuwa mwekundu.

Nyamvula alibonyeza tena. Rangi hazikubadilika. Aliona aibu kama ya mtu aliyemwalika mgeni na hana cha kumpa. Wiki tatu za likizo, na yote aliyoleta ni kumwambia mama huyu mara tatu kile alichokuwa akimwambia mara moja.

"Zote hakuna?" aliuliza Mama Sidi.

"Zote, Mama Sidi. Nisamehe."

Mama Sidi aliitazama njia ya Kilibole kupitia mlangoni. Maji mekundu yalikuwa yakiteremka nayo. Kule mbele, kupita Kilibole, ndiko kulikokuwa na kivuko. Halafu alilegeza mbeleko, akamteremsha mtoto kwenye benchi, akamkung'uta maji, na yeye mwenyewe akaketi kando yake na kunyoosha miguu. Miaka minne Nyamvula hakuwahi kumwona ameketi pale.

"Basi leo hatutembei," alisema Mama Sidi.

Sidi aliiomba simu, akaugusa mchoro wa tangi kwa kidole, akacheka na pengo lake. Mama Sidi naye aliinama kutazama. Alitazama kwa makini, paji la uso limekunjamana.

"Daktari," alisema, "na wale wanaoleta dawa, wenye lile gari, hii nyekundu wanaiona?"

Nyamvula aliitazama simu, kisha akamtazama yeye.

"Hapana," alisema. "Hawaioni."

"Sasa wao wasipoiona, watajuaje kuja?"

Nje mvua iliongezeka. Nyamvula alichukua karatasi na kalamu, akatoka nyuma ya kaunta, akaketi nao kwenye benchi.

"Haya, Mama Sidi," alisema, "nielekeze."